Nani Alikuwepo Chumbani

Binti wa jirani yangu hapa Mjimwema amepata kazi niliyoifanya mimi nusu ya maisha yangu. Alikuja kuniaga akiwa na kishikwambi kipya mkononi na sweta jepesi lisilofaa hata kwa baridi ya sebuleni, akaniuliza, "Bibi, kwenye udadisi kitu kigumu kuliko vyote ni nini?" Nikamjibu, "Mbwa." Akacheka, akakimbilia gari la Makambako. Nilisema mbwa kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi. Jibu lenyewe ni refu, na nimeona niliandike, liwe lake na lenu nyote mnaoanza, kabla na mimi sijaitwa.

Kwa asiyeijua kazi hii, mdadisi ni yule anayebisha mlangoni kwako msimu wa uchaguzi unapokaribia, anakuomba dakika chache, anakuuliza kama kura ingepigwa leo ungemchagua nani. Majibu yako yanachanganywa na ya wengine wengi, kisha matokeo yanasomwa redioni na watu wanaanza kugombana. Huku tuliiita utafiti wa maoni, maana ukisema kura za maoni watu wanadhani chama kinachagua wagombea wake, na wewe umekuja na fomu za kugombea.

Anzeni na viatu. Mvua ikinyesha Mdandu, kiatu cha mjini kinabaki kwenye tope na wewe unaendelea na soksi. Kisha salamu. Ukifika kwa mzee sema "Kamwene" kwanza, ngoja naye aitikie, uliza habari za shamba. Ukianza na "samahani, nina maswali machache" umeshafungiwa mlango, hata kama uko wazi. Ukipewa kiti, kaa. Ukipewa viazi vya kuchemsha, kula. Ukipewa ulanzi, ile pombe ya mianzi, sema unameza dawa, tena useme kwa masikitiko. Na usimhoji mtu kilabuni hata siku moja, kwa sababu pale kila mmoja ana maoni ya yule aliyenunua.

Msidanganywe na nguo pia. Iwawa, kule Makete, nilimkuta mzee amevaa fulana ya chama kimoja juu ya fulana ya chama kingine, na juu yake kanga ya mkewe yenye picha ya mgombea wa tatu. Nikajikuta natabasamu. Akaniambia, "Mama, unacheka nini? Baridi ya hapa haina chama. Aliyeleta nguo nimevaa." Akanijibu maswali yote vizuri kabisa, na mgombea aliyemtaja hakuwa hata mmoja wa wale waliompa fulana.

Aliyenifundisha kazi alikuwa msimamizi wetu, Bi Felista, mama mfupi, mkali, aliyekuwa anatembea kwa haraka mpaka vijana wanaachwa nyuma. Wakati ule tulitumia madodoso ya karatasi, tukiyafunga kwenye mifuko ya nailoni yasilowe, na jioni yeye anayapitia moja moja karibu na jiko la mkaa. Siku moja alipitia kazi ya mwenzetu mmoja iliyotoka kitongoji fulani cha Wanging'ombe. Kila mhojiwa alikuwa amemtaja mgombea yule yule. Bi Felista hakufoka. Aliuliza tu, "Jana mvua ilinyesha?" Mwenzetu akasema ndiyo. "Ulijikinga na nini?" Mwavuli. "Mwavuli wa nani?" Kumbe ulikuwa ule uliogawiwa kwenye mkutano wa kampeni, wenye rangi na jina la mgombea pande zote. Tulirudia kitongoji kizima, bila mwavuli, na tukalowa.

Mambo mawili aliyotufundisha sijayasahau. La kwanza, mwisho wa kila dodoso palikuwa na sehemu ya kujaza nani mwingine alikuwepo chumbani wakati wa mahojiano. Wengi waliijaza kwa kulipua. Yeye aliisoma kabla ya majibu yenyewe. Alisema mwanamke anayehojiwa mumewe akiwa ameketi pembeni anasuka ungo si mwanamke yule yule utakayemkuta peke yake kisimani. La pili lilihusu matokeo yakishatangazwa. "Kabla hujashangilia wala kutukana," alituambia, "badilisha majina kichwani mwako. Aliyeongoza mweke nyuma, wa nyuma mweke mbele. Halafu usikilize mdomo wako unasema nini. Kama maneno yako nayo yanageuka, ujue ulikuwa husomi utafiti, ulikuwa unausoma moyo wako."

Nilidhani anazungumzia watu wengine huko nje. Sikujua kwamba anazungumzia nyumba yetu.

Tulizaliwa watatu Mdandu. Kaka yangu Zakaria ndiye mkubwa, mimi Sara nikafuata, na mdogo wetu alikuwa Elia. Zakaria alihamia Makambako akawa mnunuzi wa maharage, mwenye stoo yake na makuli wake. Elia alibaki nyumbani akilima, na kila msimu maharage yake yalikwenda kwa kaka. Walipendana kwa ile namna ya wanaume wa kwetu, yaani hawakusema neno juu ya jambo hilo, lakini Zakaria hakukaa mezani Krismasi kabla Elia hajaketi.

Zakaria alikuwa na bambo. Kama hujawahi kuliona, ni chuma chembamba chenye ncha, kina uwazi ndani. Mnunuzi analichoma gunia, maharage machache yanateremka kiganjani mwake, na kwa hayo machache anajua gunia zima likoje. Wauzaji wajanja huweka mazuri juu na mabovu katikati, kwa hiyo yeye alichoma ubavuni, chini, mahali ambapo mwenye mzigo asingependa achome. Akitaka kununua mzigo wa fuso nzima hakuchoma kila gunia. Aliteua machache, huku na huku, bila mpangilio wa kueleweka, na alikuwa hakosei. Mimi nilipoanza kazi ya udadisi na ndugu wakaniuliza inawezekanaje kuwauliza watu wachache ukajua nchi nzima inawaza nini, ni Zakaria aliyenitetea. "Ni bambo tu hilo," aliwaambia. "Anawachoma watu badala ya magunia."

Jambo moja mlijue, kwa sababu habari yote inasimama hapo. Gunia la ndugu halichomwi bambo. Hakuna aliyeliandika, lakini pale sokoni kila mtu analijua. Ndugu akileta mzigo unauliza, "Yakoje?" Akisema ni mazuri, unapakua. Elia aliuza kwa kaka miaka mingi kwa neno tu.

Sasa, kaka zangu hawakuwa wa chama kimoja. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Uchaguzi mmoja utafiti wetu ulionyesha mgombea wa Zakaria anaongoza. Zakaria akasema hizo ndizo kazi za wataalamu, na Elia akatuita wapishi wa takwimu, akaniuliza kama chumvi tumeweka ya kutosha. Uchaguzi uliofuata mambo yakageuka, aliyeongoza akawa wa Elia. Ilikuwa Krismasi, tuko Mdandu. Nikakumbuka somo la Bi Felista, nikaamua kuwajaribu. Nikawaeleza kwanza kazi ilivyofanyika: vijiji viliteuliwaje, nyumba tulizirukaje, ndani ya nyumba tulimchaguaje wa kuhojiwa. Majina sikuyataja.

"Hiyo kazi safi," akasema Zakaria.

"Safi," akasema Elia. "Hapo hamna njama."

Ndipo nikawaambia nani anaongoza. Zakaria akaweka kikombe chini. "Mlikwenda vijijini saa ngapi? Asubuhi? Asubuhi wakulima wako shamba, mmewahoji waliolala. Na hilo swali mliliulizaje? Jibu la mtu linategemea anayeuliza." Elia naye, yule aliyekuwa ametuita wapishi, alikaa wima kama mzee wa kanisa, akasema dada yake haongopi na utafiti ni utafiti.

"Kaka," nikamwambia Zakaria, "sasa hivi umesema ni kazi safi."

"Nilikuwa sijasikiliza vizuri."

Tulicheka mpaka wifi yangu, mke wa Elia, akaja kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Hiyo ndiyo Krismasi ninayoikumbuka zaidi, na siku hizi nikiikumbuka nalia.

Kuna kosa mtakalolifanya ninyi vijana, la kudhani kwamba anayekataa matokeo ni mjinga. Zakaria alikuwa na akili kuliko sisi wote, na ndiyo maana hakushikika. Asiye na hoja anasema "uongo" anaishia hapo. Yeye alikuwa na hoja za kweli, nyingine nilimfundisha mimi mwenyewe nilipokuwa namsimulia kazi yangu jioni. Ila alizitoa siku ambayo matokeo yamemuudhi tu. Siku yakimfurahisha, bambo moja lilimtosha.

Uchaguzi mwingine ukaja, na safari hii kampeni zilikuwa za moto. Watu waliacha kusalimiana kwenye maji. Matokeo yetu yakasomwa redioni, na mgombea wa Zakaria alikuwa nyuma. Wiki hiyo hiyo Elia akapeleka maharage Makambako. Alikuwa ameirekodi taarifa ya redio kwenye simu yake, na alipofika stoo, mbele ya makuli na wateja, akaifungulia sauti mpaka mwisho. "Kaka, sikia bambo linasema nini!" Akacheza na hatua mbili tatu pale mlangoni. Ulikuwa utani, ule ule wa Krismasi.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepanda naye gari kutoka Mdandu, narudi kazini.

Zakaria alichukua bambo ukutani, akaenda kwenye magunia ya Elia yaliyokuwa yameshushwa, akayachoma. Moja baada ya jingine, ubavuni, chini. Makuli wakaacha mizigo yao. Kila mara alimimina maharage kiganjani, akayatazama, akayaacha yaanguke sakafuni. Yalikuwa mazuri, meupe pee, hakuna hata punje yenye tundu. Alipomaliza akasema, "Mtu anayekaa na dada yake wakapika matokeo ya nchi, gunia litamshinda?"

Nikasema, "Zakaria!" Hakugeuka. Elia alizima simu. Akainama, akaanza kuokota maharage yake sakafuni, na mimi nikainama naye. Magunia yakarudishwa garini, yakauzwa kwa mnunuzi mwingine mtaa wa pili.

Nani alishinda uchaguzi ule siwaambii. Haina maana. Mmoja alisema "Si mnaona!" na mwingine akasema "Tumeibiwa," na kama ingekuwa kinyume wangebadilishana maneno. Wagombea wenyewe niliwaona baadaye wakila meza moja kwenye arusi hapa mjini, wakipitishiana pilipili.

Kaka zangu hawakukaa tena meza moja. Zakaria alimwambia kila aliyemuuliza kwamba mdogo wake anamchukia, ndiyo maana alikuja kumwaibisha kazini. Elia alisema kaka amemwita mwizi mbele ya watu. Miaka ikapita hivyo. Mimi nikiwa Mdandu niliulizwa kwa pembeni kama wa Makambako hajambo, nikiwa Makambako niliulizwa kama mvua imenyesha Mdandu. Kazini karatasi zikaondoka, vikaja vishikwambi, ikaja na namna ya kuwahoji watu kwa simu, ambapo hujui kabisa nani alikuwepo chumbani. Nilistaafu. Wao walikuwa bado hawasemezani.

Kisha Elia akaugua figo. Alilazwa hapa Njombe mjini, baadaye akasema anataka kwao, tukamrudisha Mdandu. Nilihamia huko kumsaidia wifi. Asubuhi moja jua lilikuwa limetoka baada ya ukungu wa siku nyingi, tukamkalisha karibu na dirisha. Wifi alikuwa anaingia na kutoka na maji. Elia akaniambia, "Dada, kaka Zakaria hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie aje."

Nikanyamaza. Bi Felista alitufundisha usimsaidie mtu kujibu.

"Mwambie yale maharage yameshaliwa," akasema. "Aje tu, asilete kitu."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Nilikwenda Makambako siku ile ile. Garini nilikuwa najirudia maneno yale yasipungue wala kuongezeka, na niliwaza kwamba katika majibu yote niliyowahi kubeba maishani sijabeba zuri kama hili. Nilimkuta Zakaria stoo, amezeeka, miwani imeshuka puani. Nikamwambia neno kwa neno.

Akanitazama sana. Akasema, "Alianza yeye, au ulimuuliza wewe?"

"Alianza yeye."

"Nani alikuwepo chumbani?"

"Mkewe alikuwa anaingia na kutoka."

"Unaona. Amesema ili mkewe asikie. Na dawa? Alikuwa ameshakunywa dawa?"

"Zakaria, huyo ni mdogo wako."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, Sara. Jibu la mtu linategemea anayeuliza. Wewe unataka tupatane, kila mtu anajua. Atakuambia nini wewe? Lile sio jibu. Ni gunia moja tu, tena umelichoma juu."

Nikamuuliza, "Na ningekuja kukuambia kwamba anakutukana, ungeniuliza nani alikuwepo chumbani?"

Alivua miwani, akaifuta na shati. "Hilo lingeeleweka," akasema.

Nilimchukia, wanangu. Naandika bila kuficha, nilimchukia siku ile. Nilipotulia ndipo nilipomwelewa, na kumwelewa kukaniuma zaidi. Miaka yote alikuwa amejijengea Elia anayemchukia, na Elia huyo alimfaa. Kwa Elia huyo hakuwa na la kuomba msamaha. Elia wa kweli, aliyekaa dirishani, angemlazimisha kukumbuka maharage yaliyoanguka sakafuni. Mtu hatapokea kirahisi jibu linalomfanya yeye ndiye mkosaji, hata liwe jibu la kumpenda.

Akasema, "Rudi kamuulize tena, akiwa peke yake. Nitakuja msimu ukitulia."

Nikarudi. Elia aliniuliza, "Kasemaje?" Nikasema, "Amesema atakuja." Hilo alilisema, nami nikalifikisha. Elia akaomba kitanda kisogezwe kabisa dirishani, mahali ambapo barabara inaonekana. Kila fuso iliyopita alisema, "Huyo kaka." Wifi akawa anatoka kutazama, kisha anarudi. Fuso ikipita bila kusimama Elia alisema labda ameenda kwanza kutafuta mahali pa kugeuzia. Ikipiga honi, ni kaka. Isipopiga honi, ni kaka, hataki kumwamsha mgonjwa. Na yeye alikuwa anasoma alichokitaka, maskini, ila chake kilikuwa kizuri. Nilimuuliza tena, wifi akiwa shambani, kama nilivyoagizwa. Jibu lilikuwa lile lile. Halikupata nafasi ya kufika Makambako, kwa sababu Elia alifariki kabla ya msimu kutulia.

Mwanangu uliyekimbilia gari, kuumwa na mbwa kunapona. Kigumu ni kusimama mbele ya mtu unayempenda ukiwa na jibu la kweli mkononi, umelibeba bila kulimwaga, na ukamwona analichagulia kasoro. Nawaomba mjaribu somo la Bi Felista nyumbani kwenu kabla ya kulipeleka vijijini. Badilisheni majina. Jiulizeni, neno hili lingekuwa limesemwa na mtu ninayemtaka, ningelichoma bambo?

Zakaria alikuja msibani na fuso, imejaa watu na mbao na mchele. Alifanya kila kitu. Alisimamia jeneza, akapanga uchimbaji wa kaburi, akawasemesha wazee wa kanisa, akabeba mawe kwa mikono yake mpaka vijana wakamwomba apumzike. Hakulia. Tulipomaliza kuzika na watu wakakaa kula, alinifuata nyuma ya nyumba, kwenye mianzi, nilikokwenda kukaa peke yangu. Akasimama. Mikono ilikuwa bado na udongo.

"Sara," akasema. "Alisemaje?"

"Alisema mwambie aje. Alisema yale maharage yameshaliwa. Aje tu, asilete kitu."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akakaa chini kwenye majani, mzima mzima na koti lake la msiba, akaanza kulia kwa sauti. Aliniomba nirudie, nikarudia. Akaomba tena, nikarudia tena. Kila mara nilikuwa namngoja aniulize nani alikuwepo chumbani, au kama Elia alikuwa ameshakunywa dawa. Hakuuliza.